Mgonjwa Nisiyeweza Kumwita

Jumatatu, 7 Machi 1994

Kabula amelichoma sindano gunzi la mahindi sasa hivi. Amelilaza juu ya kanga yangu, akalifunika hadi shingoni, akachukua kijiti cha ufagio akalitoboa ubavuni. Halafu akalibembeleza, "Pole, pole, imeisha." Hajafika hata miaka mitatu. Maneno kayaokota kwangu nikijifunza. Nimecheka mpaka nikasahau miguu inavyouma.

Leo tumeanza mazoezi wodini. Wodi ya wanaume. Mimi nilitaka wodi ya wazazi. Sikuulizwa. Darasani tulikuwa tunachoma machungwa, leo nimechoma mtu.  

Sista mkuu wa wodi hatupendi. Ametoka mbali, amekaa Bariadi miaka na bado anaishika pua yake. Alitupanga mstari mbele ya wagonjwa akatuuliza elimu. Devota, mwanafunzi mwenzangu, akasema kidato cha nne. Mimi nikasema darasa la saba. "La saba," akasema, kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali. "Siku hizi ruksa. Kila mtu nesi." Wagonjwa wakacheka. Devota naye akacheka. Sasa jina langu wodini ni La Saba.

Ana kanuni moja ameirudia kutwa nzima. Mgonjwa aitwe jina lake, aitike, ndipo apewe dawa. "Kitanda hakiugui," anasema. "Anayeugua ni mtu." Kanuni nimeipenda. Mwenye kanuni sijampenda.

Mwisho wa mazoezi ndiye atakayemwambia mwalimu wetu nani abaki chuoni na nani afunge sanduku. Nikifunga sanduku narudi Ngulyati, kwa wakwe zangu, kwenye jembe na pamba. Maganga, mume wangu, yuko Mererani anachimba mawe. Tangu Kabula hajaota meno hatujapata hata salamu. Sirudi. Nitafika wa kwanza na nitatoka wa mwisho. Anichukie, lakini atanifundisha.


Jumatano, 9 Machi

Nimefika kabla ya Sista. Nimewasha jiko la mafuta ya taa, nimechemsha sindano zote. Alipoingia akaziangalia moja moja. Hakusema asante. Akasema moja ina damu shingoni. Kweli ilikuwa nayo. Nikachemsha upya.

Devota ananiambia najipendekeza. Labda. Lakini leo nimeruhusiwa kushika taa wakati wa kusafisha kidonda, nimeona. Unaanza katikati unakwenda nje. Huruhusiwi kurudi. Pamba iliyogusa nje hairudi ndani. Mimi nyumbani ningefuta kama meza.

Kumbe kuna mambo mengi nayafanya kama kufuta meza.

Mama Doto, mwenye nyumba, ananilelea mtoto mchana. Leo amesema Kabula hakulia. Nimefurahi, kisha nimeumia. Ningependa alie kidogo.


Alhamisi, 10 Machi

Siku mbaya.

Saa nne wameleta mgonjwa kwa tela la ng'ombe. Jembe la kukokotwa lilimkata mguu, wakaufunga majani, wakangoja. Sasa umevimba hadi gotini na unanuka. Nilikuwa nimeshika beseni. Nilipoona uso wake nikalipandisha beseni usoni kwangu.

Ni baba mkwe.

Kwetu mke wa mwana hamtaji baba mkwe jina. Hata mtu mwingine mwenye jina kama hilo unamtafutia jina jingine. Kuna kijana hapa wodini ndivyo anavyoitwa, tangu Jumatatu mimi namwita "wewe wa mkono". Wenzangu wananicheka. Mwili wa baba mkwe huuoni. Akipita unasogea pembeni, unapiga magoti, unasalimia ukitazama chini. Mimi na yeye hatujawahi kula sahani moja wala kukaa kiti kinachotazamana.

Na dawa aliyoandikiwa ni penisilini, ya takoni, mara nne kwa siku. Na vitanda vya dirishani ni vyangu.

Nimemfuata Sista nikamweleza. Nimeongea taratibu, nimeinama. Akasema, "Ukishavaa sare huna mkwe." Nikamwomba anibadilishie vitanda tu. Akaona nakwepa kazi chafu. Akaenda mpaka kitandani, mimi nyuma, akauliza kwa sauti ya wodi nzima, "Mzee, huyu ni mkweo?"

Baba aliangalia dari. "Simjui. Mke wa mwanangu yuko nyumbani anapalilia."

"Kumbe na uongo unaujua," Sista akaniambia.

Najua kwa nini alikana. Nusu ya wanaokuja kutazama wagonjwa ni watu wa Ngulyati. Hakutaka wasikie kuwa mke wa mwanae anashika wanaume. Nilipoondoka kwake alisema chuo ni cha wasichana wasio na mji. Hakunipa baraka, mjomba wangu ndiye aliyenipeleka. Namwelewa. Namchukia pia. Vyote viwili vimekaa hapa kifuani, vinabanana.

Hata hapa siandiki jina lake. Hakuna anayesoma daftari hili. Mkono tu haukubali.


Ijumaa, 11 Machi

Nimefanya biashara na Devota. Siku hizi kila mtu anafanya. Sindano za yule wa dirishani anachoma yeye. Mimi nabeba bakuli zote za haja, zake na zangu. Devota amekubali kabla sijamaliza kusema. Hapendi harufu.

Sista hajui. Baba anajua. Devota akija anageuka mwenyewe, anajifunika uso kwa shuka. Mimi nikipita na bakuli zangu anatazama ukutani. Tunaishi hivyo, yeye na ukuta, mimi na bakuli.

Mikono inanuka sabuni ya kipande mpaka Kabula ameikataa wakati wa kula.


Jumapili, 13 Machi

Nimempeleka Kabula akamwone bibi yake. Mama mkwe amepiga kambi uani, kule wanakopikia ndugu wa wagonjwa. Ana chungu, ana michembe ya viazi vikavu, ana shoga zake wawili wa Ngulyati. Nikapiga magoti. Nikamsalimia kikwetu, "Mwadila, mayu." Hakuitika. Akamwambia jirani yake, si mimi, "Mtoto amekonda kama mtoto wa mgeni."

Kabula hajakonda. Kabula ana mashavu.

Mtoto akajikalia mwenyewe mapajani mwa bibi yake, akapewa michembe, akatulia. Nikakaa pale nimepiga magoti kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Halafu mama mkwe akamwambia mtoto, "Babu yako anauliza mama yako atapalilia lini." Mtoto akasema, "Mama anachoma didano." Wale shoga wakaangua kicheko. Mama mkwe hakucheka.

Nimerudi nikiwa na hasira. Nimefua sare. Hasira inafulia vizuri.

Nilichojifunza wiki hii, nisisahau. Mgonjwa wa homa mguse kwanza shingoni, si mkononi, mkono unadanganya. Mzee wa Lingeka aliye karibu na mlango ana pumu, hawezi kulala chali, mwekee mto wa pili. Ukiwa na haraka mgonjwa anaogopa.


Jumanne, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kioo cha dirisha la wodi kimevunjika siku nyingi, maji yakawa yanaruka mpaka kwenye mguu wa Baba. Mzee wa Lingeka kwa upande wake alikuwa hapati hewa kule mlangoni. Wazee wawili wakapatana wenyewe, kama watu wanavyobadilishana dume na mtamba. Baba akachechemea hadi mlangoni, mzee wa Lingeka akaja dirishani. Hawakumwambia mtu. Kadi za dawa zikabaki zinaning'inia kwenye vyuma vya vitanda.

Mimi nilikuwa nje naosha bakuli.

Devota alikuja na sindano. Tangu Ijumaa nilikuwa namwambia "yule wa dirishani". Sikuwahi kumwambia jina. Akaangalia kadi, ni ile ile. Mzee amejifunika uso kwa sababu ya mvua, akamwona kama wa siku zote. Akachoma.

Alikuwa mzee wa Lingeka. Damu yake haipatani na penisilini. Alivimba midomo, akajikuna, halafu akaanza kuvuta pumzi kama mtu anayekunywa mchanga. Nilisikia kelele nikaingia mbio. Sista alikuwa tayari pale, amempigia magoti kitandani, anamwita jina lake, anamwita, anamwita. Daktari akaja na sindano yake. Nilimshika mzee miguu. Ilikuwa baridi.

Amepona. Naandika tena. Amepona.

Devota alilia akasema, "Milembe aliniambia wa dirishani." Ni kweli. Nilimwambia.


Jumatano, 16 Machi

Sista hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinisimamisha katikati ya wodi, wagonjwa wote wakitazama, hata wa mkono.

"Niliwaambia nini kuhusu kitanda?"

Nikasema hakiugui.

"Basi mila yako jana nusura imzike mtu wa watu."

  Ni kweli, na ndiyo maana imeuma hivi.

Devota amepewa onyo. Mimi nimepewa Ijumaa. Mwalimu wa chuo anakuja Ijumaa. Nitazungusha dawa wodi nzima peke yangu, yeye na Sista wakitazama. Kila mgonjwa kwa jina lake kamili. "Ukiruka mmoja," Sista amesema, "sanduku lako unajua lilipo."

Baba homa imepanda. Jana sindano yake aliipata mtu mwingine, na kwa vurugu ile hakuna aliyekumbuka kumpa yake mpaka jioni. Hilo ni juu yangu pia. Nilikuwa namkimbia ili nimheshimu, na heshima yangu imemwongezea homa.

Nilikwenda kwa mzee wa Lingeka kumwomba radhi. Nilipiga magoti kabisa. Bado ana uvimbe machoni. Akanitazama, akasema polepole, "Mwanangu, mimi nilibadilisha kitanda. Sikubadilisha ugonjwa." Akataka kucheka, ikawa kikohozi. Nikamwinua, nikamwekea mto wa pili.

Ndiye mtu pekee aliyeongea nami vizuri leo. Yule niliyekaribia kumuua.


Alhamisi, 17 Machi

Nimejaribu kulitamka.

Nilianza kisimani, nimeinamia ndoo, hakuna mtu. Silabi ya kwanza ilitoka. Ya pili ikakwama. Nikatazama nyuma kama mwizi. Nilipokuwa bibi harusi shangazi alinifundisha kulimeza jina hilo, na nimelimeza kweli, limekaa chini huko na uji wa siku zote. Nani amewahi kutapika alichomeza miaka minne?

Wodini nimefanya kazi nyingine zote. Leo Baba amechomwa na Sista mwenyewe. Nilisimama nyuma ya pazia, nikasikiliza anavyoita. Rahisi kabisa. Jina la mtu tu. Mdomoni mwake halina uzito.

Jioni nikaenda uani kwa mama mkwe. Nilifikiri atanipa ruhusa. Sijui kwa nini nilifikiri. Nimemweleza yote, mvua, vitanda, mzee wa Lingeka, Ijumaa. Nikamwambia mayu, nisipomwita wananifukuza, na nisipomwita anaweza kupewa dawa ya mwingine kama mwingine alivyopewa yake. Alikuwa anakoroga ugali. Hakuacha kukoroga.

"Mimi nimezaa naye watoto saba," akasema. "Namwita Baba Maganga. Wewe ni nani?"

Akaugeuza ugali.

"Ukimtaja, usije kwangu. Na mtoto nitakuja kumchukua. Ng'ombe zilitoka zizini kwetu."

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Nikimwita nampoteza mtoto huku, nisipomwita naipoteza kazi kule. Kabula amelala na gunzi lake kwapani. Ana jasho puani. Nimelifuta kwa ncha ya kidole.

Nataka kuwa nesi. Sijawahi kuliandika waziwazi hivyo. Si kwa sababu ya jembe tu. Nataka. Napenda mtu anapoingia amekunja uso na anatoka ameukunjua. Napenda kujua kwa nini. Na nataka mtoto wangu anitaje kwa kazi yangu.


Ijumaa, 18 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mwalimu alifika saa tatu na mwavuli wake. Sista akasimama naye mlangoni. Devota na wengine wakapangwa ukutani. Nilikuwa na sinia, sindano zimechemka, nimezikagua shingo.

Nilianza upande wa kulia. Naita, anaitika, nampa. Naita, anaitika, nachoma. Nikafika kwa kijana wa mkono. Yeye ana jina lile lile. Nilisimama. Akanionea huruma, akataka kuitika kabla sijamwita. Sista akamkata, "Nyamaza, hajakuita."

Nikafumba macho nikamwita. Sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga. Akaitika. Nikampa vidonge. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nikafikiri, hiki kilikuwa kivuli. Mwenyewe yuko mbele.

Baba sasa yuko kitanda cha mlangoni. Mama mkwe alikuwa amesimama nje ya mlango huo huo, pamoja na shoga zake. Jana nilimwambia mwenyewe kuwa ni leo.  Mzee wa Lingeka aliacha hata kukohoa. Baba alitazama ukuta.

Nilishika sinia kwa mikono miwili. Nikasema:

"Masanja Luhende."

Nimeliandika. Liko hapo.

Hakuitika. Nje mtu alipiga kofi paja lake, mama mkwe au shoga yake, sikugeuka. Kuna mwenzangu mmoja alicheka kwa pua. Mwalimu akamtazama Sista. Sista akanitazama mimi, na nadhani alifurahi.

Niliona shingo ya Baba. Ilikuwa inang'aa jasho. Homa. Nikajua kwa kuitazama tu, bila kuigusa, kuwa mguu ule ukikosa dawa tena wataukata. Hapo aibu ikanitoka. Haikunitoka taratibu, ilidondoka kama kanga iliyolegea. Sikumwona mkwe. Niliona mtu ana homa.

Nikaita tena, kwa sauti ya kawaida, kama ninavyowaita wengine. "Masanja Luhende."

Alivuta pumzi. Akasema, bado anatazama ukuta, "Nipo, nesi."

Akageuka ubavu mwenyewe. Akashusha shuka mwenyewe, kiasi kinachotosha, si zaidi. Nikapima kwa macho, robo ya juu, upande wa nje. Nikachoma. Nikasukuma polepole, penisilini inauma ukiharakisha. Hakutikisika. Nilipochomoa nikasema kama ninavyosema siku zote, "Pole, imeisha." Akavuta shuka.

Nikaenda kitanda kinachofuata.

Mwalimu amesema niendelee. Sista amesema, "Kumbe ulimi unao," kisha akaniambia sinia nililishika vibaya, mkono wa kulia ungekuwa huru.

Nilipotoka, uani palikuwa patupu. Mafiga tu, majivu bado ya moto.


Jumamosi, 19 Machi

Mama mkwe amehamisha chungu chake upande wa pili wa uani. Nimewasalimia wale wanawake. Mmoja alinitemea mate karibu na mguu. Si juu ya mguu. Karibu.

Nimemfungia Kabula ndani na Mama Doto, nimemwambia asimpe mtu yeyote, hata bibi yake. Mama Doto ameuliza nimefanya nini. Nimemwambia nimemwita mgonjwa jina. Akasema, "Basi?" Yeye ni Mhaya. Basi.

Nina hofu. Kila mlango ukigongwa nashtuka.


Jumanne, 22 Machi

Uvimbe wa mguu wa Baba unashuka. Nimesafisha kidonda leo, katikati kwenda nje. Nyama imeanza kuwa nyekundu. Nilimwita asubuhi, akaitika. Mchana, akaitika. "Nipo, nesi." Hakuna neno jingine kati yetu. Hanitazami, simtazami. Tunatazama mguu.

Sista leo ameniita jina langu kamili mbele ya wote. Nilishtuka. Kumbe ni ili anigombeze, niliacha ndoo njiani. Lakini aliita, nami niliitika. Kanuni yake haichagui. Bado simpendi. Nitakuwa kama yeye kwenye hilo moja tu, mengine abaki nayo.

Devota amebeba bakuli zake mwenyewe. Hatuongei.


Jumapili, 27 Machi

Baba aliruhusiwa jana. Waliondoka kwa tela, mimi nikiwa zamu. Alipita mbele yangu na fimbo. Hakuaga. Nilijiambia haidhuru. Haikuwa kweli.

Leo baada ya kanisa nilikuwa napeta mchele. Mlango ukagongwa. Mama mkwe. Nikamvuta Kabula nyuma yangu. Hakunisalimia. Aliweka kuku chini, tetea mweusi, kafungwa miguu kwa kamba ya katani.

"Ya mzee," akasema. "Amesema wewe ulitaja, lakini yeye aliitika. Asingeitika kosa lingekuwa lako peke yako. Kosa ni la wawili. Kuku huyu ni sehemu yake. Yako utaileta Ngulyati mwenyewe, mweusi vilevile, zichinjwe pamoja yaishe."

Nikapiga magoti. Nikashukuru, "Wabeja, mayu."

Akasimama kidogo. Akamtazama Kabula, mashavu yale. Akasema, "Amesema pia mkono wako hauumi kama wa yule mwingine." Akageuka akaenda zake. Hakutaka maji, hakutaka kukaa. Lakini mtoto hakumchukua.

Nimekaa kizingitini tangu hapo. Mvua imekatika, udongo unanuka vizuri. Kesho naanza wodi ya wazazi, niliyoitaka tangu mwanzo. Nitamtafuta tetea mweusi gulioni wiki hii. Nikipata siku ya mapumziko nitakwenda, na Kabula mgongoni.

Nimejaribu kuliandika jina lake tena hapa chini. Mkono umekataa. Siku ile nilivaa sare. Leo niko kwangu nimevaa kanga, mimi ni mke wa mwana. Nadhani ndivyo itakavyokuwa. Akiugua nitamwita, akipona nitapiga magoti, na sitaona tena kwamba kimoja kinakiua kingine, maana hata yeye mwenyewe alipoitika hakusema mkwe, alisema

Mama Doto ananiita uani, kuku amekata kamba na Kabula anamkimbiza na kijiti chake anamwambia pole, pole, ngoja ni